Nyumba yenye ua wa watoto

Chicago inajulikana kwa maghorofa marefu. Lakini ukielekea kusini hadi Hyde Park, maghorofa yanabaki nyuma yako. Unaingia kwenye mitaa ya miti mikubwa na nyumba za zamani za matofali ambazo wenyeji wamezitunza vizuri.

Nilifika huko katikati ya safari ya kikazi, nikiwa na nusu siku ya kupumzika. Nilitaka kuona nyumba moja tu, Robie House, iliyochorwa na Frank Lloyd Wright na kukamilika mwaka 1910.

Haionekani kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Ni ndefu na imelala chini, paa lake limetokeza mbali nje ya kuta. Hata matofali yake ni marefu na membamba. Mtindo huo unaitwa Prairie, jina la mbuga za nyasi za katikati ya Marekani. Wright alitaka nyumba ifanane na ardhi ile tambarare.

Ghorofani, sebule na chumba cha chakula ni kama ukumbi mmoja, katikati kuna meko ya kuota moto. Safu ya madirisha ya vioo vyenye nakshi inaingiza mwanga mwingi, lakini mpita njia haoni ndani. Kwa sisi tunaoandika habari za afya, mwanga na hewa ndivyo vitu vya kwanza tunavyotazama.

Kilichonigusa zaidi kipo chini: chumba cha kuchezea watoto, na nje yake ua wenye ukuta. Mwenye nyumba, Frederick Robie, alitaka wanawe wacheze bila kutoka barabarani. Alipoanza kupanga ujenzi hakuwa ametimiza hata miaka 30.

Wazazi wenzangu, watoto wale hawakuufaidi ua huo. Mwaka 1909 baba yake Robie alifariki na kumwachia mzigo wa madeni. Ndoa nayo ikavunjika. Kabla mwaka 1911 haujaisha, nyumba ilikuwa imeuzwa. Familia iliishi humo kwa zaidi kidogo ya mwaka mmoja.

Nyumba yenyewe imedumu. Mwaka 1957 ilipotakiwa kubomolewa, Wright alikuja mwenyewe kuitetea akiwa na miaka 89. Mwaka 2019 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na majengo yake mengine saba.

Nilitoka nikakaa kwenye kivuli upande wa pili wa barabara. Mimi na mume wangu tunajenga nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka mzima tumekuwa tukichukua kazi za ziada hadi Jumamosi, kwa ajili ya saruji na nondo. Binti yetu wa miaka mitatu analala na dada kabla hatujarudi.

Nikapiga simu nyumbani. Huku ilikuwa saa saba mchana, kule saa tatu usiku, na kumbe alikuwa macho. Baba yake alikuwa akimweleza kwamba nyumba mpya itakuwa na bembea.

"Nani atanisukuma?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu la haraka.

Tangu nirudi, Jumamosi si siku ya kazi tena kwetu. Ujenzi umesimama kwenye lenta, na fundi ameshatuuliza mara mbili kulikoni. Tumemwambia tutaendelea, ila taratibu.

Ukipata nafasi ya kufika Chicago, nenda ukaione nyumba ile. Wapo waongozaji wanaotembeza wageni chumba kwa chumba. Usipitwe na ua wa watoto. Na kama na wewe unajenga, jiulize kama wanao watakuwa bado na hamu ya kucheza siku utakapokabidhiwa funguo.