Kuona si Kujua

Zamani watu walipotaka kupima haki na dhuluma walikaa barazani wakasikiliza hadithi. Sungura alipomdanganya fisi, au sultani alipomhukumu maskini, kila msikilizaji alitoa hukumu yake moyoni, na mara nyingine alirudi nyumbani na swali lililomnyima usingizi. Siku hizi kazi hiyo imetwaliwa kwa sehemu kubwa na sinema. Jambo hili si msiba. Sinema njema, kama hadithi njema, yaweza kumweka mtu mbele ya shauri zito kuliko mashauri yote atakayokutana nayo maishani, ikamtaka aamue. Walakini yafaa tuangalie kama swali tunaloulizwa na sinema ndilo swali tunaloulizwa na ulimwengu. Napenda kulipima jambo hilo kwa mfano wa filamu moja inayotuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki.

Filamu yenyewe ni Eye in the Sky, yaani Jicho la Angani, iliyoongozwa na Gavin Hood na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mahali pa kisa ni Eastleigh, mtaa wa Nairobi, ingawa picha zake zilipigwa Afrika ya Kusini. Katika nyumba moja wamekutana watu wa kundi la Al-Shabaab, na kamera ndogo iliyoundwa kwa mfano wa mdudu inaonyesha vizibao vya baruti vikitayarishwa kwa vijana watakaojilipua penye watu wengi. Juu kabisa, mahali ambapo macho ya mtu hayafiki, yazunguka ndege isiyo na rubani, nayo imebeba makombora. Mwenye kuiendesha yuko Nevada, Marekani. Kanali anayeongoza shughuli yuko Uingereza. Mawaziri na wanasheria wamekaa London wakibishana. Ruhusa inakaribia kutolewa, mara anatokea mtoto wa kike, jina lake Alia, anatandika meza yake karibu na ukuta wa nyumba ile na kuanza kuuza mikate iliyookwa na mama yake.

Basi swali ni hili: mtoto mmoja auawe ili watu wapatao 80 waokoke, au aachwe hai nao wafe?

Nimeliweka swali hili mbele ya wanafunzi wangu katika somo la fasihi. Wengi husema kombora litupwe. Hoja yao ni hesabu: kilio cha nyumba moja si sawa na kilio cha nyumba 80. Wachache hujibu kuwa roho si mahindi yapimwayo kwa pishi, na kwamba amuuaye mtoto kwa mkono wake hawezi kujitetea kwa maovu ambayo mwingine hajayatenda bado. Mjadala huwa mkali, na kengele hulia kabla haujaisha.

Siwalaumu wale wanaochagua kombora. Filamu hii ilitoka mwaka uleule ambao, tarehe 2 Aprili, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wengi sana wao walikuwa wanafunzi. Mwalimu wa chuo hawezi kuisoma tarehe ile kama asomavyo tarehe nyingine za historia. Wale walikuwa na umri wa hawa wanaoketi mbele yangu. Walikuwa na daftari zao, karo iliyotafutwa kwa shida, na wazazi waliohesabu miaka iliyobaki mpaka mahafali. Kabla ya hapo, Septemba 2013, watu 67 walikuwa wameuawa katika jumba la maduka la Westgate. Na sisi tuliokuwa vijana mwaka 1998 hatujaisahau tarehe 7 Agosti, ulipolipuliwa ubalozi wa Marekani mjini Nairobi wakafa watu zaidi ya 200, na siku hiyohiyo ukalipuliwa ule wa Dar es Salaam. Kwa hiyo siandiki kama mtu aliyekaa mbali na moto akawafundisha majirani jinsi ya kuuzima. Naamini serikali ina wajibu wa kuwalinda watu wake, na kwamba pengine ulinzi huo hautimii bila ya silaha.

Lakini, msomaji, tazama masharti ya swali lenyewe. Katika filamu tumeviona vizibao kwa macho yetu. Tumeonyeshwa nyuso, tumetajiwa majina, na baruti imewekwa mbele yetu juu ya kitanda. Mtunzi ameuondoa wasiwasi wote kuhusu nani ni nani, akatuachia wasiwasi mmoja tu, wa hesabu: kombora likianguka, yamkini gani mtoto atakufa? Na hata hapo filamu ni mwaminifu kuliko wengi wa watazamaji wake. Yatuonyesha kanali akimsonga askari aliye chini yake atafute mahali pa kulenga ambapo hatari kwa mtoto itashuka chini ya nusu, mpaka yule askari, huku moyo ukimsuta, anatamka 45 kwa mia. Tarakimu hiyo haikupatikana kwa kupima. Ilipatikana kwa kutakiwa. Walakini hata baada ya hila hiyo, vizibao vinabaki kuwa vizibao, na maadui wanabaki kuwa maadui. Mtazamaji ameketi katika kiti cha hakimu ambaye ushahidi wake hauna shaka.

Sasa tuiache sinema kidogo, tugeukie habari. Tarehe 26 Agosti 2021, majeshi ya Marekani yakiwa katika kuondoka Afghanistan, mtu mmoja alijilipua kwenye lango la uwanja wa ndege wa Kabul, akaua askari 13 wa Marekani na raia wa Afghanistan wapatao 170. Siku tatu baadaye, tarehe 29, ndege isiyo na rubani ilifuata gari jeupe aina ya Toyota Corolla kwa muda wa saa nane hivi. Waliokuwa wakitazama kutoka mbali waliona dereva akisimama hapa na pale. Waliona vitu vizito vikipakiwa garini. Wakaona kwamba vitu hivyo ni baruti. Gari lilipoingia uani, kombora likatupwa. Watu 10 waliuawa, na 7 kati yao walikuwa watoto. Jenerali Mark Milley, aliyekuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani, alilieleza shambulio lile kuwa la haki. Tarehe 17 Septemba jeshi hilohilo likakiri kosa: dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada la Marekani, na vile vitu vizito vilikuwa madumu ya maji. Desemba ya mwaka huo ikatangazwa kwamba hakuna askari atakayeadhibiwa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Wala Kabul si peke yake. Karibu nasi zaidi, tarehe 1 Aprili 2018, ndege za Marekani zilishambulia karibu na El Buur, Somalia. Taarifa ya kwanza ilisema kwamba magaidi 5 wameuawa na hakuna raia aliyedhurika. Mwaka mmoja ulipita ndipo jeshi likakiri, Aprili 2019, kwamba raia 2 walikuwa miongoni mwa waliokufa. Walikuwa mwanamke na mtoto.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na sina ujuzi wa vita. Walakini lugha yetu ina neno ambalo kila siku hunionya juu ya jambo hili. Mswahili akisema "naona mtu mlangoni," amemwona kwa macho. Akisema "naona mvua itanyesha," hajaona mvua, amedhani. Neno ni moja, na kazi ni mbili. Katika mazungumzo ya kawaida hatari yake ni ndogo, maana mvua isiponyesha hakuna aliyeumia. Lakini mtu akiwa na silaha, nafasi iliyopo kati ya kuona kwa macho na kuona kwa kudhani ndiyo nafasi ya uhai wa wengine. Wale wa Kabul waliona gari, na hilo lilikuwa kweli. Waliona baruti, na hiyo ilikuwa dhana. Kioo kilichowaonyesha vyote viwili hakikuweka alama ya kutenga hiki na kile.

Hapo ndipo sinema na ulimwengu vinapoachana. Sinema yatuuliza: je, ni halali kumwua mmoja ili kuwaokoa wengi? Ulimwengu watuuliza swali la kwanza zaidi, lisilo na fahari: je, wajua unachokitazama? Anayelizoea swali la sinema aweza kulisahau hili la pili kabisa. Atadhani kwamba ugumu wa maadili umo katika kujumlisha na kutoa, ilhali mara nyingi umo katika kukiri kwamba tarakimu hazipo.

Mwanafunzi wangu mmoja aliyezaliwa Eastleigh aliniambia baada ya somo, "Mwalimu, mtaa ule wa kwenye filamu siujui." Alikuwa na haki. Katika filamu watu wenye bunduki wanazitawala barabara mchana. Eastleigh ya kweli ni soko kubwa la nguo, vitambaa, simu na dhahabu, ambalo wafanyabiashara hulijia hata kutoka nchi za jirani. Na makosa ya namna hii hayakai ukumbini tu. Aprili 2014 polisi walipita Eastleigh wakawakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Waliotazamwa kwa jumla walikamatwa kwa jumla. Hapakuhitajika ndege, ilitosha kumwangalia mtu uso na kuona kwamba umemjua.

Je, basi tusitende neno mpaka tujue yote? La, maana hakuna mwanadamu ajuaye yote, na adui hangoji. Lakini yapo mambo mawili tuwezayo kuyadai bila ya kuufunga mkono wa mlinzi. Kwanza, kila anayetaka kuua kwa amri aseme waziwazi lipi ameliona na lipi amelidhani, na dhana isivikwe nguo ya tarakimu. Pili, likitokea kosa, wafu watajwe kwa majina yao na si kwa idadi, na mwenye kuamuru aitwe ajibu mbele ya watu. Siku 19 za Kabul na mwaka mmoja wa El Buur ni muda mrefu kwa mzazi kuambiwa kwamba mtoto wake alikuwa gaidi, au kwamba hakufa kabisa.

Filamu ile imetupa zawadi moja ambayo habari hutunyima. Ilitupa jina la Alia, ikatuonyesha akizungusha pete yake kiunoni uani kwa siri, kwa kuwa watu wakali wangechukia kumwona mtoto wa kike akicheza. Kwa sababu hiyo twamlilia. Watoto 7 wa Kabul nao walikuwa na michezo yao, na hakuna mtunzi aliyetuonyesha hata mmoja kabla hawajafa. Tunaposoma gazeti kwamba maadui kadha wa kadha wameuawa mahali fulani, twaweza walau kuifanya kazi hiyo wenyewe: kuuliza walikuwa nani, ni nani aliyewaona, na kwa kuona kwa namna gani.