Migomba ya Katana na ujumbe wa telefone

Wamama wenzangu, ukitoka Bukavu kwenda Katana, Ziwa Kivu linakufuata mkono wa kuume na mlima Kahuzi unasimama mkono wa kushoto. Unapita Mudaka, Miti na Kavumu, na kila mahali ni migomba. Hiyo ndiyo chakula, ndiyo kasiksi, ndiyo minervali ya watoto.

Mwaka uliopita, migomba ya mama yangu mkubwa ilianza kunyauka. Majani yakawa ya manjano, ndizi zikaiva mbele ya wakati, na ndani zilikuwa na madoa ya kahawia. Ulikuwa mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioonekana Masisi tangu 2001. Agronomu alituma ujumbe kwa telefone, kwa Kifaransa. Mama mkubwa hasomi Kifaransa, basi mtoto wa jirani akanitumia. Nikampigia: “Mama, toa mgomba wenye ugonjwa.”

Likizo ya Pasaka nilifika kwake. Nyuma ya nyumba palikuwa peupe. Aling'oa mashina mazima, pamoja na machipukizi yao. Ujumbe ulisema “tige”, yaani mti mmoja tu. Mimi nilisema “mgomba”, naye akaelewa shina lote. Hakunigombeza. Aliuliza tu: “Mwanangu, watoto watakula nini?” Sikuwa na jibu.

Shamba la chini lilikuwa limebaki. Tulirekodi sauti yake mwenyewe, kwa Mashi: Kata mti mgonjwa peke yake, karibu na udongo. Pitisha panga motoni kabla ya kugusa mti mwingine. Mkungu ukimaliza kutoa ndizi, vunja ua la mwisho kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Usipande chipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa. Sauti hiyo tuliiweka katika karte ya telefone ndogo. Majirani wanaisikiliza bila mega, hata wasiojua kusoma.

Darasani simuulizi mtoto, “Umeelewa?” Atajibu ndiyo. Ninamwambia, “Nieleze.” Kwa mama yangu mkubwa nilisahau kazi yangu. Wamama wa vikundi, ujumbe wa shamba ukifika, usomeni kwa lugha ya nyumbani, kisha mwenye shamba awaeleze atafanya nini, mbele ya kushika panga.