Makumira: kabla ya kulipia gari, kanyaga breki kwanza

Anayesafiri kutoka Arusha mjini kwenda Moshi huipita Tengeru, huiacha barabara ya njia nne, na muda mfupi baadaye hufika Makumira, kabla ya Usa River. Kaskazini ni Mlima Meru. Kando ya barabara kuna migomba, kahawa na vijana wa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira wakisubiri Hiace za kwenda mjini. Lami inashuka taratibu kuelekea tambarare, na njia za vumbi zinapanda mlimani kwenye makazi ya watu.

Familia nyingi za huku zikijaliwa gari la kwanza, huwa ni lililotumika: Noah, IST au Vitz iliyotembea miaka mingi Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, au iliyokwishapita mikono ya watu wawili watatu. Ndilo litakalopeleka watoto shule, mama kliniki na ndizi sokoni Tengeru. Muuzaji ataonyesha rangi, viti na redio. Breki haionekani, na kwenye barabara za kupanda na kushuka ndiyo inayotakiwa kila siku.

Watu wa Arusha wanaijua gharama yake. Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni upande wa pili wa mji, lori lililoelezwa kuwa lilifeli breki liliyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Lile lilikuwa lori kubwa, lakini gari dogo la familia nalo hufeli kwa sababu zinazofanana, na mara nyingi hutoa dalili mapema.

Ukaguzi uanze gari likiwa limesimama mahali tambarare. Injini ikiwa imezimwa, mzazi akanyage pedeli ya breki mara tano hivi mpaka iwe ngumu, aishikilie, kisha awashe gari. Pedeli ikizama kidogo, msaada wa injini kwenye breki unafanya kazi. Isiposhuka kabisa, kuna tatizo. Baada ya hapo aendelee kuikanyaga kwa nusu dakika. Ikizidi kuzama polepole, huenda mafuta ya breki yanavuja au masta imechoka. Ikiwa laini kama sponji, kwa kawaida kuna hewa ndani ya mfumo.

Kisha afungue boneti atazame kikopo cha mafuta ya breki. Kiwango kikiwa chini, pedi zimelika au kuna mvujo. Kuongeza tu bila kutafuta sababu ni kuficha ugonjwa. Mafuta yaliyokuwa meusi yamezeeka. Kadiri yanavyokaa hunyonya maji, na kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto maji hayo huchemka na kuwa mvuke. Hapo dereva hukanyaga pedeli ikafika chini bila gari kusimama. Ndiyo maana mafundi hushauri kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi.

Hatua inayofuata ni kuliendesha polepole kwenye njia tulivu, bila watoto ndani. Mlio mwembamba kila ukikanyaga huashiria pedi zinazokaribia kwisha. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma maana yake zimekwisha na diski inaliwa. Gari hilo lisiendelee na safari. Gari likivuta upande mmoja, huenda breki ya gurudumu moja imekwama. Usukani ukitetemeka wakati wa kufunga breki, mara nyingi diski hazijanyooka. Baada ya safari fupi, gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, au likinuka kuungua, breki yake haiachii. Kutu nyepesi kwenye diski za gari lililokaa muda yadini isimtishe mtu. Hufutika baada ya kukanyaga mara chache.

Mwisho, handibreki: ijaribiwe kwenye kilima kidogo, mguu ukiwa tayari juu ya breki ya kawaida.

Hata breki nzima huharibiwa na mazoea. Wapo wanaoshuka kutoka mlimani kwa kuachia fri, au kuzima injini kabisa ili kuokoa mafuta. Gari likiwa fri, uzito wote hubebwa na breki peke yake. Injini ikizimwa, baada ya kukanyaga mara chache pedeli huwa ngumu kama jiwe. Njia salama ni kushuka kwa gia ndogo, na kwa otomatiki kuweka 2 au L.

Majibu yote hayo apelekewe fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, si wa muuzaji, afungue magurudumu yote manne. Muuzaji akikataa gari lisifunguliwe, mzazi aondoke na fedha zake. Magari mengine yapo.