Adabu za Mwenye Kwenda Kupanda Miti Ugenini

Ndugu msomaji, sadaka si mali peke yake. Mtu hutoa sadaka kwa mikono yake, kwa siku zake na kwa jasho lake. Na kupanda mti ni katika sadaka zilizotajwa waziwazi, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha ya kwamba kile akilacho mtu, ndege au mnyama katika alichokipanda Muislamu, mpandaji huandikiwa thawabu yake. Lakini sadaka nayo ina adabu zake. Mwenye kutoa kisha akasimbulia hubaki mikono mitupu. Na mwenye kwenda kwa watu kuwasaidia, asijue wao ni nani wala wanataka nini, huenda akawaudhi zaidi kuliko kuwafaa.

Haya nimeyafikiri sana kwa sababu ya mwana wa dada yangu. Kijana huyu amezaliwa na kulelewa Mombasa. Siku moja alinambia: "Mjomba, nataka kwenda Moshi miezi mitatu kujitolea na kikundi cha kupanda miti." Mama yake alikuwa amekwisha kataa, na hoja zake zilikuwa tatu: atakula nini, ataswali wapi, na ni kwa nini aende kupanda miti katika nchi ya watu ilhali mikoko yetu ya Tudor yakatwa na sisi twatazama. Wote wawili walinigeukia mimi niamue, kwa kuwa nilikaa Kiboriloni miaka minne nikiuza nguo.

Kiboriloni iko kando ya barabara itokayo Himo kwenda Moshi mjini. Mtu atokaye Mombasa kwa njia ya Voi, Taveta na mpaka wa Holili huipita kabla hajafika mjini. Wengi huijua kwa soko lake la mitumba. Lakini ukiinua macho kutoka sokoni waona vilima vya Old Moshi, na vihamba vya migomba na kahawa. Juu yake msitu. Na juu ya msitu, mawingu yakiondoka, Kibo yenyewe, mita 5,895.

Swali la dada yangu juu ya mikoko lilikuwa la haki, nami sikulipuuza. Nilimjibu kwamba maji hayana mpaka. Mito ishukayo mlima ule, kama Karanga, Rau, Weruweru na Kikafu, huishia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto Pangani huenda hadi baharini, mlangoni mwa ndugu zetu wa mji wa Pangani. Mto Lumi nao huteremka upande wa mashariki mpaka ziwa Jipe, mpakani mwa nchi zetu mbili. Wataalamu wamekwisha eleza ya kwamba maji mengi ya mlima ule hutokana na ukanda wa msitu unaokamata mvua na ukungu, wala si barafu ya kileleni, ambayo imepungua sana tangu mwanzo wa karne iliyopita. Kwa hiyo auhifadhiye msitu ule huihifadhi mitungi ya watu wengi ambao hatawaona maisha yake. Ama mikoko ya Tudor, kijana aliahidi kwamba atakachojifunza kitaluni huko atakirudisha huku. Na ahadi ni deni.

Basi nikamwekea masharti, nayo nayaeleza hapa, kwani huenda yakamfaa kijana wa nyumba nyingine.

Kwanza, aingie kwa mlango. Tanzania ina sheria zake. Aingiaye kwa matembezi hana ruhusa ya kufanya kazi, hata ikiwa kazi hiyo haina mshahara. Mwenye kujitolea hutakiwa awe na kibali cha ukaazi, nacho ni cha daraja C. Watapatikana watu wa kumwambia: "Wewe pita tu, sisi sote ni ndugu." Asiwasikilize. Mwenye kuanza jambo la kheri kwa kudanganya mpakani ni kama mtu aliyeyatia najisi maji kabla hajatawadha.

Pili, ajue ni nani waliomtangulia katika njia ile. Sisi watu wa pwani si wageni wapya mlimani. Mmishonari Rebmann alipouona mlima ule mwaka 1848 aliongozwa na mtu wa pwani, Bwana Kheri. Misafara ya Pangani na Mombasa ilipanda huko karne ile kutafuta pembe za ndovu, na watumwa pia. Jambo hili halipendezi kulisema, lakini wazee wa mlimani hawakulisahau, na sisi haitufai kulisahau. Wazee wetu baadhi yao walipanda kwenda kuchukua. Kijana wetu akipanda kwenda kurudisha, na apande kwa unyenyekevu.

Ajue vilevile kwamba mti katika nchi ya watu si mti tu. Huko Old Moshi, juu ya Kiboriloni, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli mwaka 1900, na mti wa msiba ule wenyeji wauonyesha mpaka leo. Isale, ule mmea wa majani marefu uonekanao mipakani mwa vihamba, mgeni huudhania kichaka. Kumbe ndio alama ya mpaka wa ardhi, na jani lake ndilo achukualo mtu anapokwenda kuomba msamaha kwa aliyemkosea. Mwenye kuung'oa kwa kusafisha shamba amefanya jambo kubwa asilolijua.

Tatu, asiwahukumu wenyeji juu ya msitu wao. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili chini ya msitu ili wanakijiji wapate kuni na majani ya ng'ombe. Mwaka 2005 msitu ukatiwa ndani ya hifadhi ya taifa, na masharti yakawa makali zaidi. Msitu ulihitaji kulindwa, hilo halina shaka. Lakini mwanamke mwenye ng'ombe zizini na jiko lisilo na kuni anao upande wake wa khabari. Kijana wa mjini anayepikiwa kwa gesi, akikutana na mama yule na mzigo wa kuni kichwani, la kwanza ni kumwamkia shikamoo na kumpisha njia, si kumsomea khutba ya mazingira.

Wala tusisahau kwamba sisi nasi tumewahi kufundishwa na wageni. Kisiwa cha Misali huko Pemba kilipofanywa hifadhi mwaka 1998, amri peke yake haikuwatuliza wavuvi. Somo la kuitunza bahari lilipata masikio lilipopita kwa masheikh wao na kwa maneno ya dini yao. Kama sisi twapenda kusemeshwa kwa lugha yetu, basi wa mlimani nao vivyo hivyo. Wao wana mifongo, mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu zao, na wana kilimo cha kihamba, ambapo migomba, kahawa na miti mikubwa hukaa pamoja. Walikuwa wakijua kuishi na miti kabla yetu.

Nne, aulize anatakiwa kwa kazi gani. Nilipokuwa huko lilikuja kundi moja la vijana kutoka nje. Walipanda miche mamia kwa siku mbili, wakapiga picha, wakaenda zao. Mvua zilikuwa zimekwisha. Hapakuwa na mtu wa kuimwagilia, na sehemu waliyopanda ilikuwa malisho ya bibi mmoja mjane ambaye hakuulizwa. Kabla ya kiangazi kwisha miche ilikuwa njiti, na bibi wa watu hana majani ya mbuzi wake. Hawakuwa watu wabaya, hawakuuliza tu.

Basi nikamwambia kijana awaandikie kile kikundi na swali moja: "Mnahitaji nini?" Yeye alitamani kwenda wakati wa masika, miti inapopandwa na watu wengi wapo. Jawabu likaja kwamba wapandaji wa masika wanao. Walichokosa ni mtu wa kukaa kitaluni Julai mpaka Septemba, kubeba maji asubuhi na jioni, kujaza viriba udongo na kupalilia miche ya miringaringa na mikuyu. Hakuna sherehe wala picha. Nilimwona uso ukimbadilika. Akakaa siku tatu hasemi, kisha akaja akanambia: "Mjomba, nitakwenda Julai." Hapo ndipo nilipojua kwamba nia yake imesafika.

Tano, mambo ya chakula na ibada, ambayo ndiyo yaliyomtia khofu mama yake. Misikiti ipo Moshi, na Waislamu wapo mjini na mlimani. Lakini katika vihamba wengi ni Wakristo, na mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi, ndiyo heshima ya mgeni. Mwenye kukataa asikunje uso wala asifanye mawaidha. Aseme, "Aika, mzee, dini yangu hainiruhusu, nipe maji," na anywe maji yale kwa furaha. Ama nyama, aulize mapema nani amechinja, aulize kwa upole kabla chungu hakijatengwa, si baada ya mtu kupakuliwa. Na kiburu, ndizi zilizopikwa na maharagwe, ni chakula kizuri kisicho na nyama.

Nilimpigia simu mama mmoja wa Kiboriloni, Mkristo, ambaye nilipanga nyumbani kwake, nikampa dada yangu azungumze naye. Dada akaanza kuomba radhi nyingi. Yule mama akamkatiza: "Mama, wewe mlete mwanao. Ndugu yako alikaa kwangu miaka minne. Sufuria yake niliitenga, ipo mpaka leo. Na saa za swala zenu nazijua, nilikuwa nikimwamsha mimi alfajiri." Dada yangu akanyamaza, kisha akalia. Ruhusa ikapatikana siku ile ile. Sisi tulikuwa tukijifunza namna ya kuwaheshimu watu ambao walikuwa wametuheshimu siku nyingi.

Sita, na la mwisho, asijione mwokozi. Oktoba 2020 moto uliunguza zaidi ya kilomita 90 za mraba za mlima ule, na katika waliouzima walikuwamo mamia ya watu wa kawaida na wanafunzi, waliopanda kwa miguu na matawi mikononi. Wenye mlima ndio walinzi wake wa kwanza. Mgeni ni msaidizi. Na atakapopiga picha, aombe ruhusa, wala asimpige mtoto wa mtu katika nguo chakavu ili wamsifu wenzake Mombasa. Riya hula amali kama mchwa alavyo boriti: nje nzima, ndani unga.

Wazazi wenzangu, watoto wetu wanataka kwenda mbali kufanya kheri, na si vyema tuwazuie kwa khofu peke yake. Wala si vyema tuwaachie waende kama waendao tamasha. Tuwaulize: umepata kibali? Umewauliza wenyeji? Utakula kwa gharama ya nani? Ukiondoka, nani atamwagilia? Mwenye majawabu ya maswali haya tumpe dua zetu na nauli. Asiye nayo tumwambie angoje mwaka mwingine, aanze na mche mmoja uani kwake, na tuone kama atakumbuka kuutilia maji.