Rimu za 18 na shughuli zake

Kimya kingi, najua. Testi zimepita, bumu limeingia likatoka kama kawaida yake, na Jumamosi zangu mbili zimeishia chini ya gari huku Chang'ombe. Si Chang'ombe ya Dar jamani, hii yetu ya Dodoma, ya vumbi na mawe. Nawaletea stori hii kwa sababu humu najua kuna wenye Altezza, na kuna wanaoiota usiku badala ya kuota GPA.

Gari ni ya kaka. RS200, ile ya silinda nne na gia sita. Toyota walizitengeneza kuanzia 1998 mpaka 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ni rika la mwaka wa kwanza na wa pili hapa chuo. Ulaya Altezza waliiuza kwa jina la Lexus IS. Ilikuja na rimu za 17 na matairi 215/45, stika ya mlangoni kwa dereva inasema hivyo hivyo. Kaka akaagiza rimu za 18 kutoka Dar, zikaja na basi, akavalishwa na matairi 225/45. Aliyemuuzia alimwambia 18 ni 18, zinaingia tu.

Na kweli ziliingia. Nisiwe mnafiki, gari ilipendeza! Ilijaa kwenye fenda, ikakaa kibabe, watoto wa mtaa wakaacha mpira kuja kuiangalia. Halafu kaka akakata kona ya kuingia uani... krrrrr. Akipita tuta na watu wawili nyuma, krrr nyingine, hiyo ya nyuma kulia. Yeye akaongeza sauti ya redio. Ndiyo dawa aliyoitumia wiki tatu nzima.

Mimi ningemwacha na redio yake, ila kuna mama. Mama yuko Kondoa na kila mwezi anakuja kliniki Benjamin Mkapa, kaka ndiye anayemfuata. Ni lami ya kwenda Babati, ile iliyozinduliwa 2018, nzuri kabisa, na uzuri wake ndio unaofanya watu wakanyage mafuta. Mama hukaa nyuma kulia siku zote, anasema mbele kunamtisha. Nikainama kulichungulia lile tairi la nyuma kulia. Ukingo wa fenda ulikuwa umelichonga begani, mstari umezunguka tairi zima, na sehemu moja nyuzi zilishaanza kuonekana. Ilibaki wiki na nusu kliniki ifike.

Tukaenda gereji ya kwanza. Kijana mmoja akashika nyundo, mwingine akasema tukate fenda kwa grainda dakika kumi tu, wa tatu akashauri tuweke spesa. Hapo kwenye spesa nilishindwa kunyamaza. Spesa inasukuma gurudumu nje. Inasaidia kama tairi linagusa ndani, kwenye springi au vyuma vya chini. Letu lilikuwa linagusa nje! Unaenda kumwongezea mgonjwa ugonjwa.

"Wewe unasoma takwimu, si ufundi," kaka akasema. Sawa kaka. Basi nikampigia takwimu.

Namba ya tairi si urembo. 225 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya huo upana, ndiyo urefu wa shavu la tairi, na 18 ni inchi za rimu. Tairi la zamani, 215/45 ya 17, kipenyo chake ni kama milimita 625. Hilo jipya ni 660. Nusu ya tofauti inapanda juu kwenye fenda, yaani milimita 17. Angevaa 225/40 kwenye rimu hizo hizo, kipenyo kingekuwa 637 na juu zingepanda 6 tu. Yaani hizo tano kati ya 45 na 40 ndizo zinazopiga kelele. Halafu kuna namba nyingine imegongwa kwenye rimu, ET, inayoonyesha pale panapofungwa nati pako mbali kiasi gani na katikati ya rimu. Za zamani zilikuwa pana inchi 7, ET50. Hizi ni 8.5, ET30. ET ikishuka gurudumu linatoka nje. Ukijumlisha na upana ulioongezeka, ukingo wa nje umetoka karibu milimita 39, wakati ndani pamebaki vile vile kasoro milimita moja. Sasa hapo spesa ya nini?

Kilichomgusa kaka wala si hizo milimita. Nilimwambia tairi kubwa linaidanganya spidi mita. Ikimwonyesha 50, yeye yuko karibu 53. Na kwenye vibao vya 50 mnawajua wale ndugu zetu wenye tochi. Alinyamaza muda mrefu kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo tunafanyaje?" Kwa kaka yangu hilo ni tukio la kihistoria, mtanisamehe nikiliandika.

Tukahamia kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwarobaini. Huyu hakushika nyundo. Alipaka chaki nyeupe kwenye kingo zote za fenda na kwenye ile plastiki ya ndani, akatuambia tupande watu wanne, tukapite matuta, kisha tukate usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Tuliporudi, chaki yenyewe ilishasema kila kitu: nyuma imefutika kwenye ukingo, kulia zaidi ya kushoto. Mbele imefutika kwenye plastiki tu, upande wa nyuma wa gurudumu. Ndani ya gurudumu, safi, hakuna hata alama. Mzee akapima pia kutoka katikati ya gurudumu mpaka fenda, kulia kukawa chini kidogo. Springi zimechoka, akasema, hizo mtajipanga taratibu, msinikopee leo.

Dawa ikawa hivi. Kwanza matairi, tukatafuta 225/40 manne, mapya, kwa hela ambayo kaka alikuwa ameitenga kwa ajili ya redio kubwa zaidi (Mungu ni mwema). Kisha fenda za nyuma. Ule ukingo unaoingia ndani unaweza kulazwa bila kukatwa. Mzee alipasha rangi joto taratibu, maana rangi baridi ukiikunja inapasuka na kutu inaingia hapo hapo. Kisha akaomba mchi. Ndiyo, mchi wa kinu! Shemeji akautoa kwa shingo upande, akauviringishia kitambaa mwenyewe. Ukaingizwa kati ya tairi na fenda, sisi tukisukuma gari mbele na nyuma polepole, mchi unajizungusha huku unalaza ukingo. Kipande kwa kipande, joto kidogo, mchi kidogo. Saa tatu nzima kwa fenda mbili. Rangi haikupasuka hata unywele. Mbele, plastiki ikasukumwa ndani na kufungwa upya kwa skrubu. Mwisho alaimenti, na nati kukazwa tena baada ya kuzungukazunguka mjini.

Tukarudia chaki, watu wanne, matuta yale yale. Nyuma haikufutika. Mbele usukani ukifika mwisho kabisa bado inagusa plastiki kidogo sana, mzee anasema hiyo tuiache.

Maoni yangu binafsi? Ningerudisha 17. Shavu la 225/40 ni milimita 90, la zamani lilikuwa 97, na kwa mawe ya mtaa huu rimu ya 18 inapinda ukifumba macho. Nilimwambia kaka, akaniangalia kama nimemtukania ukoo. Basi. Upepo anaupima kila wiki, hilo amekubali, na mama hubebwa mwendo wa mama.

Jumanne iliyopita walikuja kutoka Kondoa. Mama nilimuuliza safari ilikuwaje, akasema safi, ila redio ilikuwa chini mno, au imeharibika?

Haya, tangazo dogo kabla sijawahi kipindi. Yale 225/45 mawili ya mbele ni mazima, yako uani kwa kaka, mwenye gari linaloyapokea aniandikie, ila aje na namba za stika yake ya mlangoni. Yale mawili ya nyuma hatuuzi.