Wafuasi Wako na Wateja Wangu

Butembo, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Huku mvua inanyesha kila alasiri na njia ya sokoni imekuwa tope tupu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na daftari mkononi. Unasema ukurasa wako wa Instagram umefikisha wafuasi 11,000, na unaniomba dola 300: 180 za simu yenye kamera nzuri, 40 za ile taa ya duara, na 80 za kununua wafuasi wengine ili makampuni yakuone. Tena unaogopa nitakuambia kwamba huo ni mchezo wa watoto.

Sitakuambia hivyo. Nauza vikwembe Butembo tangu 1998, mwaka ule vita vya pili vya Kongo vilipoanza, na kazi nikiiona naitambua. Nilipokuja kwenu Beni nilikukuta asubuhi na mapema umetundika shuka jeupe uani, simu umeiegemeza kwenye mkebe wa maziwa ya unga, unamgeuza jirani yako polepole mpaka mwanga ukampata shavuni. Ulipiga picha kama arobaini, ukabakiza tatu. Mimi nikienda kwa muuzaji wa jumla hufanya vivyo hivyo: nafungua pisi zote, nyingi nazirudisha.

Wala kujitembeza si jambo geni kwetu. Wazee wetu walifuata chumvi Katwe, ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Waliokuja baada yao wakapeleka maharagwe na mboga Kisangani kwa malori. Kisha wakatokea wa Dubai, na leo wapo wa Guangzhou. Mwenzangu akiwa dukani kule China ananipigia picha ya rangi nne, nami namjibu kwa WhatsApp nikiwa jikoni nachochea makaa, na miezi kadhaa baadaye mzigo unaingia kupitia mpaka wa Kasindi. Nimelipia nguo ambayo sijaishika. Nathubutu kwa sababu namjua aliyeishika simu.

Hilo ndilo ninalotaka ulielewe kuhusu pesa unayoitafuta. Instagram haitakulipa kwa sababu tu picha yako ni nzuri. Atakayekulipa ni mwenye kitu cha kuuza: mwenye saluni, mwenye duka la viatu, kampuni ya simu, au wewe mwenyewe ukiuza vyako. Na huyo hakulipi kwa macho yaliyopita. Anakulipa kwa sababu watu watakuja dukani kwake wakisema wewe ndiye uliyewatuma. Ndiyo maana zile dola 80 sizitoi. Wafuasi wa kununua ni majina matupu. Hawana miguu ya kuja Boulevard Nyamwisi kununua kiatu. Na mwenye mtandao akiamka siku moja anawafuta. Desemba 2014 Instagram ilisafisha akaunti za uongo, na Justin Bieber, mwimbaji yule wa Canada, akapungukiwa wafuasi zaidi ya milioni 3 kwa mkupuo. Yeye alibaki na mamilioni mengine. Wewe ungebaki na nini?

Ngoja nikueleze mimi nilivyopata wafuasi wangu. Mzee mmoja wa jumla alinipa pisi 12 bila karatasi wala rehani, nimlipe baada ya siku 60. Nikazipeleka kwenye soko la kuelekea Lubero, na njiani wenye bunduki wakachukua 5. Nililia siku nzima. Kisha siku moja kabla ya muda kutimia nikaenda kwake mwenyewe, nikamwekea mezani pesa ya zile 7, nikamwambia yaliyonipata. Hakusema neno. Alihesabu, akaandika, akaingia stoo akatoka na pisi 12 nyingine. Lile deni la 5 nililimaliza baada ya miezi minane. Kila mteja niliye naye leo, ukimfuatilia, anaanzia kwenye meza ile.

Sasa, yule mama wa mtaa wa Boikene, huko Beni. Hukuniambia habari zake, yeye ndiye aliyenipigia. Aliona kwako kikwembe cha kijani, akatuma pesa kwa simu, akaletewa nguo nyingine kabisa, iliyotoa rangi kwenye beseni alipoifua mara ya kwanza. Nilipoitazama vizuri picha yenyewe nikaona ile nyumba ya nyuma si ya Beni. Uliichukua kwenye ukurasa wa mtu wa mbali, ukakata jina lake. Mwanangu, usirudie tena. Piga picha ya nguo uliyo nayo mkononi, karibu na mlango, bila kuipaka rangi za mtandao. Onyesha ukingo wake ulioandikwa jina la kiwanda, maana wanawake wetu huutazama ukingo kwanza. Taja bei. Na ukilipwa kusifu mafuta ya nywele, sema wazi kuwa umelipwa. Wasemao chema chajiuza hawajui soko la sasa, hata chema lazima kitembezwe, lakini kitembezwe chenyewe, si picha ya ndugu yake.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu badala ya kukujibu kwa sauti.

Ile picha ya mwezi wa tano. Maiti barabarani zimefunikwa mikeka, na juu yake umeandika "Wameua tena njia ya Mbau". Chini ya mkeka mmoja palionekana mguu, na juu ya mguu pindo la kikwembe cha buluu chenye ndege wa njano. Kikwembe hicho nilikiuza mimi. Nilikuwa nimeleta pisi 6 tu, na mbili zilikwenda kwa wateja wangu wa njia hiyohiyo. Nikampigia wa kwanza, akapokea. Wa pili hakupokea. Nilikaa kwenye kigoda nikipiga na kupiga hadi saa nne usiku, ndipo akanijibu kwamba simu yake ilikuwa imeisha moto. Kesho yake tukasikia kuwa picha yenyewe ni ya zamani, imezungushwa upya, na siku ile hakuna aliyeuawa hapo. Lakini watu walishakimbia na magodoro kichwani.

Uliniambia mwenyewe, kwa furaha, kwamba usiku ule ulipata wafuasi 2,000, zaidi ya miezi mitatu ya vikwembe. Na siku ya pili, chini ya mikeka ile, ukaweka mafuta ya nywele.

Sikuandikii haya ili ulie. Nakuandikia kwa sababu mtandao umekuonja, na utakuja kukudai tena. Beni inazika waliouawa tangu Oktoba 2014. Damu yetu inaangaliwa kuliko vikwembe vyetu, na atakayetaka wafuasi wa haraka hapa kwetu anajua pa kuwapata. Usiwe wewe. Unakumbuka Ebola, ulikuwa bado shule. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha Juni 2020, ikachukua watu zaidi ya 2,280. Picha na sauti zilizopita kwenye simu zikisema chanjo ni sumu na ugonjwa ni biashara, nani alizilipia? Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Aprili 19 wakamuua Daktari Richard Mouzoko, aliyetoka kwao Cameroon kuja kututibu, hapa hapa kwenye kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikataa mtoto wake apelekwe kituoni akiwa bado anapumua, kwa ajili ya ujumbe aliosikilizishwa sokoni. Aliyeutuma ule ujumbe huenda hadi leo anahesabu wafuasi wake.

Sisemi ufiche vifo vya watu wetu. Tumefichwa vya kutosha. Ukiona kwa macho yako, andika mahali, siku na ulichoona, na nyuso za marehemu uziachie familia zao. Usionyeshe waliokimbia wamelala wapi. Na jambo hilo lisikae kwenye ukurasa unaouzia nguo. Sheria yetu ya dijitali ya Machi 2023 inamwadhibu hata anayepitisha tu habari ya uongo, lakini hata kama isingekuwepo ningekuomba hivyo hivyo, kwa ajili ya ule usiku wa kigoda.

Neno moja dogo. Nunua daftari, uandike namba ya simu ya kila aliyewahi kukulipa. Tarehe 31 Desemba 2018 serikali ilikata intaneti, ikakaa karibu siku 20, nasi wa Beni na Butembo tulikuwa tumeshanyimwa hata kura. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Mimi siku hizo niliuza, kwa sababu wateja wangu wako kwenye daftari.

Basi, pesa. Taa ya duara bado. Mwanga wa uani kwenu kabla ya saa tatu unatosha. Simu nimeshainunua, dola 175, na risiti imo ndani ya boksi. Ni deni, bila karatasi, siku 60 kama yangu. Mambo yakikupata njiani, njoo uniambie kabla ya siku ya 60.

Simu nimempa dereva wa basi la Jumanne asubuhi. Ndani ya mfuko huohuo kuna kikwembe cha kijani, kile hasa cha kwenye picha, nimekitafuta maduka manne. Ni cha mama wa Boikene. Mpelekee mwenyewe, kwa miguu yako, kabla hujaiwasha simu.

Shangazi yako