Siku Tatu Matambarale

Msomaji mpenzi, huenda jina la Matambarale hujawahi kulisikia. Basi ujue kwamba iko kusini kabisa mwa nchi yetu, mkoani Lindi, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, ambako wenyeji wengi ni Wamwera. Mwezi wa Agosti vumbi lake ni jekundu, mikorosho imetoa maua, na uani mwa kila nyumba utakuta mbaazi zimeanikwa.

Huko nilifuatana na wanachuo 24 wa ualimu na mkufunzi wao. Mimi mwenyewe nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi ya ukarani, na kwa kuwa wageni hao waliomba kulala katika ukumbi wa parokia yetu, nami ndimi mwenye funguo, nikapata nafasi garini. Safari ilikuwa ya siku tatu tu, na shabaha yake ilikuwa kuujua ulimwengu.

Sitaficha kwamba wanachuo walinung'unika. Walikuwa wametazamia Bagamoyo, au walau Dar es Salaam wakaone meli na ndege. Binti mmoja mchangamfu alisema wazi, "Mwalimu, ulimwengu na Matambarale wapi na wapi?" Mkufunzi hakukasirika. Aliwapa kila mmoja daftari, akawaambia kwamba kwa kila kitu watakachokiona waulize maneno mawili: kimetoka wapi, na kinakwenda wapi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, ambayo watu wake walipungukiwa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matingatinga yaliletwa, mengine yametengenezwa kwa vifaru vya vita. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli, na bandari ya Mtwara pia. Lakini wakubwa wale walikata msitu kabla ya kupima sawasawa mvua na udongo, wala hawakuwa na subira ya kuwauliza wenyeji. Januari 1951 mpango ukafutwa, na hasara yake ilikaribia pauni milioni 36. Reli nayo baadaye iling'olewa. Wanachuo walicheka sana, hata mkufunzi alipowauliza, "Na sisi tukipewa shule kijijini, tutawauliza wenyeji?" Hapo kicheko kilipungua.

Katika mashamba yale ya Waingereza lipo moja ambalo watu huliita Farm 17 mpaka leo. Nachingwea ndiko wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walikopewa kambi yao kubwa ya mafunzo katika miaka ya 1960, na Samora Machel aliishi na kufundisha huko. Vita vyao vilianza Septemba 1964. Uhuru wakaupata tarehe 25 Juni, 1975. Nchi iliyokatwa msitu ili Mwingereza apate mafuta ya kukaangia ikawa nchi ya kumwondoa Mreno ng'ambo ya Ruvuma. Yule binti mchangamfu aliandika kurasa nne, nami nikamwona akiuliza wazee mpaka giza likaingia.

Siku ya pili tulipita upande wa Ruangwa kwenye habari za kinywe, yale madini meusi yanayoteleza mkononi, ambayo huwekwa ndani ya betri za simu na za magari ya umeme. Wenye mitaji wametoka mpaka Australia kuja kuyatafuta. China ndiyo izalishayo kinywe kingi kupita nchi zote, na tangu Desemba 1923 la, nisamehe, Desemba 2023, kinywe cha namna fulani hakitoki kwao bila kibali. Kwa hiyo wanunuzi wengine wanatazama kwetu zaidi. Mambo haya yalikuwa mazuri, lakini yaliwapitia wanachuo juu juu. Jambo lililowaingia lilikuwa la siku ya tatu.

Tulikuwa Matambarale, tumeketi chini ya mwembe na mzee mmoja mkulima. Wanachuo walimwamkia, naye akawakaribisha kwa mbaazi za kuchemsha. Mmoja akauliza swali la daftari: mbaazi hizi zinakwenda wapi? Mzee akajibu, "India, wajukuu zangu. Ndiyo maana mwaka 2017 tulilia. Bei ilianguka hata nikaona heri niziache shambani, nikavunja mashina yake kuwa kuni. Tulidhani wanunuzi wametufanyia hila."

Mkufunzi akaeleza. Wahindi hula mbaazi kila siku, wakizikoboa na kuzipika dali. Walipovuna nyingi kwao, bei za wakulima wao zikashuka, na Agosti 2017 serikali yao ikaweka mpaka: mbaazi za kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Sisi tulikuwa tukiwategemea wao karibu peke yao. Msumbiji haikufungiwa mlango namna hiyo, kwa kuwa mwaka 2016 ilikwisha kufanya mapatano na India ya kuuza mbaazi. Zuio hilo lililegezwa mwaka 2021.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe wale tuliowapa kambi hapa walikuwa na karatasi, na sisi hatuna." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyepata ufunguo wa sanduku la zamani.

Lakini mimi nilikuwa nikimtazama kijana mmoja mtulivu, mtoto wa mkulima wa mkoa wa jirani, ambaye siku mbili zote hakuuliza kitu. Alikuwa ameshika kalamu bila kuandika. Aliinuka akaenda nyuma ya gari, nami nikamfuata, nikidhani ni mgonjwa. Akaniambia kwamba mwaka ule wa 2017 alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya kulipia, akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Baba yake alimwambia, "Mbaazi hazikulipa." Jirani wakasema mzee kazinywea pombe, na mtoto akasadiki jirani. Alimaliza shule ya kutwa kwa shangazi yake, na tangu hapo na baba yake ni salamu za sikukuu tu.

"Karani," akaniuliza, "baba angewezaje kunieleza jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa maji, tukarudi mwembeni. Akauliza swali lake la kwanza: mzee alipanda nini mwaka uliofuata? Mzee akasema ufuta, na mbaazi kidogo, "kwa kuwa kuziacha kabisa ni kama kumfukuza mtoto." Wengine waliandika maneno hayo. Yeye hakuandika.

Jioni tuliagana, gari likaondoka kwa mashimo na vumbi. Wanachuo waliimba, wakabishana kama Tanzania nayo ingetafuta mapatano na nani, na binti mchangamfu alikuwa akitaka tuwauzie mbaazi watu wa nchi nyingi, si moja. Tulipokaribia Nachingwea, mahali penye mtandao mzuri, kijana yule alimwomba dereva asimame kidogo. Akashuka, akasimama kando ya barabara, mgongo wake kwetu. Dirisha langu lilikuwa wazi.

"Shikamoo, baba," nilimsikia akisema. "Hapana, si shida ya fedha. Nilitaka kukuuliza habari za zile mbaazi."